Mkono Niliomwonyesha Marcy Svitak

Zimeni hiyo televisheni mkae karibu yangu, Kurt upande huu na wewe Janelle upande wa dirishani, maana pumzi iliyobaki sitaki kushindana nayo na mtu wa utabiri wa theluji. Nina maneno ya kuwausia, wanangu, na ninaogopa. Msiniambie nisiogope. Nimeogopa maisha yangu yote na nikaficha vizuri, leo niacheni niogope mbele yenu.

Ya vitu ni machache. Shamba la baba yenu ni la Kurt, ndiye aliyelilima wakati sisi wengine tuko viwanjani, na Janelle usimnunie kwa hilo. Nyumba hii ni yenu wote wawili, ila msiiuze kabla shangazi yenu Arlene hajapata pa kukaa, hata kama anawachosha kwa maneno yake. Pikapu ni ya Janelle. Vikombe vya ushindi vilivyo chini ya ngazi wapelekeeni kina mama wa kanisani watilie maua, na mkurugenzi wa michezo wa chuo, yule mzee aliyetunyima ukumbi, akija mazishini mpeni kahawa na kiti cha mbele, kwa maana nimemchukia miaka mingi mpaka nimechoka. Sasa sogeeni.

Janelle, timu ya mpira wa wavu ya chuo uliyokabidhiwa mwezi uliopita niliianza mwaka sabini na sita nikiwa na wasichana tisa na mipira minne. Ukumbi ulikuwa wa wavulana wa kikapu, sisi tukapewa saa kumi na moja alfajiri. Jezi nilizifua kwenye mashine ya hapa nyumbani, na basi dogo niliendesha mwenyewe hadi Kansas na kurudi, wasichana wamelala midomo wazi, mimi nakula mbegu za alizeti nisisinzie. Nilikuwa kocha mzuri. Nalisema hilo kwanza kwa sababu litakalofuata ni baya.

Mwaka tisini na nne, wiki ya fainali, mkurugenzi aliniita ofisini akaniambia tukishindwa atatafuta mwanaume wa kuishika timu. Baba yenu alikuwa ameshaanza kuugua, ninyi mnasoma, nami sikumwambia mtu. Nikaingia uwanjani Jumamosi ile na maneno yake kichwani. Seti ya tano, tuna kumi na nne wao kumi na tatu, mpira ni wetu, bado pointi moja tu, na anayeanzisha ni Marcy Svitak, binti wa wafuga ng'ombe wa huko Ord, mtoto mtiifu kuliko wote niliowahi kufundisha.

Mnajua tunavyofanya. Kocha huficha mkono nyuma ya ubao wake, anamwonyesha mwanzishaji kwa vidole ni eneo gani la wapinzani apeleke mpira, na mwanzishaji hana ruhusa ya kubisha. Eneo la kwanza alisimama msichana mwenye bega bovu, ameshapoteza mipira mitatu, nasi tukapata pointi. Eneo la tano alisimama mpokeaji bora wa ligi nzima. Hata Kurt asiyependa mchezo huu anajua mpira ulipaswa kwenda wapi. Marcy akanitazama. Akanitazama tena, kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. Kisha akapiga moja kwa moja hadi eneo la tano, ukapokewa kama mkate uliotoka tanurini, wakatufunga, wakaongeza mbili, tukashindwa.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo akanijia machozi yanamtoka. "Kocha, si ulionyesha tano? Mbona niliona tano kabisa?"

Nikasema mbele ya wote: "Nilionyesha moja."

Hakubisha, maskini. Alishika mdomo akasema, "Basi macho yangu. Nisameheni jamani, ni macho yangu."

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda peke yangu kuangalia mkanda wa video ambao sisi wenyewe tuliurekodi kutoka nyuma ya uwanja. Ubao wangu unaonekana, na mkono wangu unaonekana, unatetemeka, vidole vyote vimefunguka. Vitano, Janelle. Nilitaka kimoja, na hofu ikanifungua mkono. Nikauzima mkanda, nikawaambia wasaidizi wangu kwamba umeharibika, na mkurugenzi akaniachia timu kwa kuwa kosa lilionekana la mchezaji.

Niangalie, usiangalie sakafu. Wiki ile nilimpeleka Marcy kwa daktari wa macho, ili uongo wangu uwe na miguu. Daktari akasema hana tatizo. Yeye akaomba miwani hivyo hivyo. Kantini wenzake wakawa wanamwinulia mikono: "We Marcy, hebu hesabu, hivi vingapi?" Anacheka nao, halafu anakwenda chooni kulia, nami nasikia. Alikuwa anasomea uuguzi. Mwezi wa tatu akaacha, akaniambia mtu asiyejua tofauti ya kidole kimoja na vitano hawezi kumpimia dawa mtoto wa watu. Nilikuwa na nafasi pale, mlango umefungwa, tuko wawili tu. Nikamwambia fikiria vizuri. Hayo ndiyo maneno niliyompa. Leo anapika katika jiko la shule huko kwao, na kila Krismasi ananiletea kadi, na kila kadi ina mstari ule ule: samahani tena kwa Jumamosi ile, kocha. Kadi ishirini na nane. Baba yenu alidhani nalia kwa kumpenda.

Mkanda uko kwenye kabati la chini, nyuma ya mitungi ya matango. Ni wa Marcy. Msiniimbie sifa mazishini kabla mmoja wenu hajasimama akalisema hili kwa sauti, wasichana wangu wote wakisikia, hasa wale wa kantini. Nami nizikeni kando ya baba yenu, kwa nguo ya kawaida, si koti la timu.

Jana nilipokwambia umpigie Marcy simu aje, Janelle, ulidhani nataka kuaga. Anakuja, ameshapita mji, nami naogopa kuliko Jumamosi ile. Naogopa nitafumba macho kabla hajafika. Naogopa zaidi kwamba atafika, nitamwona, nitalisifu bakuli lake la viazi atakalobeba, na nitanyamaza tena. Nikianza kuzungusha maneno, Kurt, nibane. Usinionee huruma.

Janelle, njoo, weka kichwa hapa. Mungu akupe mkono usiotetemeka. Na ukitetemeka, kwa kuwa utatetemeka, akupe ulimi wa kukubali siku hiyo hiyo, kabla ya Jumapili. Kurt, mwanangu mtulivu, Mungu akutunzie mvua yako na magoti yako. Mpendane… Hata mkigombana, mpigiane simu.

Hilo ni gari lake. Mfungulieni. Mpokeeni hilo bakuli… Janelle, nishike mgongo, niinue kidogo.

Marcy. Hapana, usianze, mama, usiniombe samahani… leo usiombe. Nisikilize mimi. Macho yako yalikuwa mazima. Nilikuonyesha tano. Ni mkono wangu. Wewe ulifanya nilichokwambia.

Ndiyo… nilijua.

Tangu Jumapili yake. Siku moja tu, Marcy. Tangu siku moja baadaye.

Kurt, usimshike, mwache. Kama anataka kwenda, mpe koti lake, aende… Simwoni vizuri. Janelle, yuko wapi? Ametoka? Mbona sijasikia mlango… naogopa, Janelle.

Kiti. Amevuta kiti.

Sema, Marcy. Yote, tangu mwanzo… usinihurumie. Sitafumba macho mpaka umalize.