Landrova Iliyogoma Tangu Pasaka

Nisameheni, wanangu, wosia huu nitausema ovyo. Marehemu Mzee Saimon wa nyumba ya tatu alipotoa wake alipanga maneno mpaka mganga wa zahanati akatoa leso; mimi nimejipanga tangu Jumapili, na kila nikifungua kinywa linatoka gari. Basi litoke. Sikilizeni, Bartholomeo na Ursula, na mkae upande mmoja wa kitanda, maana tangu Pasaka mmoja akikaa huku mwingine anakaa kule, na mimi katikati nageuza shingo kama feni, wakati shingo ndiyo kiungo pekee ambacho mganga hajakilalamikia.

Shamba la Namtumbo mligawane kwenye mfereji, mahindi kwa Ursula, tumbaku kwa Bartholomeo, na asiyeridhika aje aniulize kaburini. Nyumba hii ya Lizaboni isiuzwe. Hayo yamekwisha. Kinachonikaa kooni ni ile Landrova uani, niliyoinunua mwaka themanini na moja ikiwa tayari imezeeka kunizidi. Ndiyo iliyombeba marehemu mama yenu Anjelika mpaka Namtumbo, na nataka inibebe na mimi nikalale kando yake, ninyi wawili mkiwa mbele, bega kwa bega. Lakini miezi mitatu haiwaki. Bartholomeo anasema dada yake aliunguza stata. Ursula anasema kaka yake, mwalimu wa Jiografia, alichokonoa nyaya zisizo kwenye ramani. Mmeacha kusalimiana. Mtoto wa huyu akipata kipaimara, yule anaumwa tumbo. Kufa nitakufa, hilo sibishi, ila sitaki kufa nikiwaacha hivyo.

Kwa hiyo leo narithisha kwa vitendo. Fungueni dirisha hilo, nendeni uani wote wawili. Ursula, kaa kwenye usukani. Umezaliwa kwenye kiti hicho cha kando yako, mama yako akinitukana kwa Kingoni kwa sababu nilikuwa naendesha taratibu. Bartholomeo, funua boneti.

Stata bado. Washeni taa kwanza. Zinawaka? Usiniambie mimi, Bartholomeo, mimi siendeshi, mwambie dada yako! Zinawaka kali? Vizuri, betri ina uhai. Ursula, geuza ufunguo. Nimesikia: tk. Mara moja, na taa zikafifia. Ishikeni hiyo tk kama mnavyoshika Salamu Maria. Gari likinyamaza kabisa, tafuteni swichi. Likizunguka lisishike, nendeni kwenye plagi na petroli. Lakini likisema tk, linataka kuwaka kama mimi ninavyotaka kuamka, ila nguvu haifiki. Tazama vichwa vya betri. Vina ungaunga mweupe? Maji ya moto, brashi, kaza. Geuza tena. Bado tk?

Msitukanane! Dirisha liko wazi, nasikia, na Mama Fortunata wa jirani naye anasikia, kesho atawasimulia sokoni na kuongeza chumvi.

Bartholomeo, ingia uvunguni. Ndiyo, na shati hilo hilo la ualimu. Kuna waya mpana uliosukwa kama mkeka, unatoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi. Huo ndio unaorudisha umeme kwao. Lakini kabla hujaufikia, vuta ile kartoni niliyoitandaza chini. Zamani mkiishi hapa mlikuwa mnanicheka kila asubuhi nikiinama pale na chai mkononi, mkisema baba anasoma gazeti. Ni kweli, nilikuwa nasoma, na halijawahi kunidanganya. Doa jeusi katikati ni oili, ile gasketi ya chini imechoka, inadondosha matone matatu kwa usiku. Yakifika kumi nendeni kwa fundi, yakiwa hakuna hata moja ogopeni, maana oili imekwisha. Doa la kutu mbele ni maji ya redieta. Linalonuka kama yai viza ni oili ya gia. Na kule gurudumu la nyuma, la kulia, unaona nini? Chepesi, kinateleza kama mafuta ya kupikia? Ursula, shuka umshikie kaka yako tochi. Usionje, Bartholomeo, nusa! Mtu mzima, una digrii.

Hiyo ni breki, na hapo mzaha wangu unaishia. Oili ikivuja mnaongeza. Maji yakivuja mnaongeza. Breki ikivuja hamwondoki, hata kama niko tayari ndani ya jeneza, kwaya imeshavaa sare na padri anatazama saa. Nitasubiri. Sitakuwa na haraka yoyote. Mwiteni fundi Otto wa Bombambili abadilishe mpira wa breki ndani ya gurudumu, atoe hewa kwenye breki, kisha Ursula akanyage pedali mbele yenu wote. Ikizama kama mguu kwenye tope, anzeni upya. Niapieni. Wote wawili, kwa sauti.

Asanteni.

Sasa ule waya. Unacheza? Nati imelegea? Mpe spana, Ursula. Si hiyo, kumi na tatu. Kaza mpaka ugune. Toka uvunguni. Piga.

Heee! Isikilizeni! Vikombe vinatetemeka kabatini, hata kitanda kinatetemeka. Miezi mitatu ya kununiana, kumbe nati moja. Iacheni ingurume kidogo, inanisafisha masikio. Na hapo dirishani naona kitu kingine: Ursula anamfuta kaka yake oili puani kwa ncha ya khanga, na huyo mwalimu ametulia kama ndama. Nimeshiba. Sihitaji hata uji.

Zimeni, mje ndani. Gari ni lenu wote wawili. Mkigombana tena mlikate katikati: nusu ya mbele inavuja oili, nusu ya nyuma inavuja breki, kila mtu achague kifo chake. Ufunguo akae nao Ursula, spana akae nazo Bartholomeo, ili asiwepo wa kutoka bila kumwamkia mwenzake. Mnizike kando ya mama yenu, upande wa kushoto. Kulia alikuwa hapendi, nakoroma.

Umesema nini, Bartholomeo? Nati haikuwa na kutu? Ililegezwa kwa spana? Ninyi! Msitazamane hivyo. Nisogezeeni mto... hewa imekuwa finyu. Pigeni magoti kwanza mpokee baraka, maana nikishasema lililobaki mtairudisha.

Mungu aliyenipa ninyi awape mwendo mzuri... awape breki kabla ya mteremko... na wana wenu waitane ndugu mpaka wazeeke. Nimewabariki. Amina. Imeshaingia, haitoki.

Sasa. Jumuiya yetu ya kanisani walitaka gari Pasaka ile, lipeleke kwaya... watu ishirini, ngoma, na masufuria. Mimi ndiye mwenyekiti, ningekataaje? Nikaingia uvunguni... nikalegeza nati. Nilitaka kuikaza Jumatatu. Jumatatu sikuamka. Nikasikia mnalaumiana, na kila mmoja anakuja kwangu kujitetea... huyu na togwa, yule na kuku... miaka kumi sijatembelewa vile. Nikasema nitawaambia kesho. Kuku alikuwa mtamu... nikasema keshokutwa.

Na kifua hiki... mganga aliuliza nilikipatia wapi, nikamficha. Nilikipata siku ile ile, nimelala chali kwenye sementi, maji ya mvua yanapita mgongoni, naharibu gari langu mwenyewe. Kwa hiyo msibani... wakiwauliza mzee ameuawa na nani... msimsingizie mchawi wa watu. Semeni ni yule yule... aliyeua Landrova.