Stamatis Watatu na Lango Moja la Maji

Benchi la mbele ya mgahawa wa Thodora lina miguu mitatu na tofali, na kila asubuhi hulikalia watu wale wale, kila mtu na kona yake, kahawa ndogo na glasi ya maji baridi pembeni. Asubuhi ile ya Agosti Stamatis Chumvi hakuigusa kahawa yake. Miche yake mia na ishirini ya milimau, aliyoipanda Machi kwa mgongo wake mwenyewe, ilikuwa siku ya kumi bila tone. Zamu yake ya maji ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi, na lango la shambani kwake halijafunguka hata nusu. Zamani mzee Panos, mlinzi wa maji, alizunguka na ufunguo na daftari. Panos alipofariki, ushirika ukaweka malango yanayojifungua yenyewe kwa kufuata faili la kompyuta. Fotini, karani wa ushirika, alitunga skripti, yaani maagizo mafupi yanayoliandika upya faili hilo kila Jumapili bila mtu kugusa kitu. Kijiji kizima kilimpigia makofi. Chumvi naye alipiga, na sasa alijuta hadi viganja.

Fotini alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kompyuta mapajani, jasho likimtoka.

— Mzee Stamatis, hapa inaonyesha Jumatatu ulipata maji kwa saa sita nzima.

— Nilipata?

— Ndivyo inavyosema.

— Basi iambie ije shambani inyonye majani, tuone kama yana maji!

— Usimfokee binti wa watu, alisema binamu yake, Stamatis Kengele, ambaye akinong'ona husikika mpaka kanisani. — Hiyo siyo kompyuta, ni wale wa kijiji cha chini. Wametega mitambo huko, usiku wanayavuta maji kwa simu.

— Kwa simu? Wewe binamu umedata.

— Kwa simu! Mpwa wangu anafungua mlango wa gari kwa simu. Maji yana ugumu gani?

— Na wewe zamu yako ya Jumanne ulipata?

— Mimi nina mizeituni. Mizeituni hailalamiki. Sijaenda kutazama.

Chumvi alishika kichwa. Huyu ndiye mtu aliyerithi naye jina la babu mmoja, na akili yote, aliona, ilikwenda kwingine.

Mwalimu Lefteris, mstaafu wa fizikia, alikunja gazeti. Yeye hungoja wengine wakosee kwanza.

— Mnapigana kamba tu. Tatizo ni jua. Jua likilipuka, linatupa chembechembe, chembechembe zinaingia kwenye faili, zinakula herufi.

— Zinakula za kwangu tu?

— Lazima zianzie mahali, Stamatis.

— Subirini kidogo, Fotini alisema, kidole kikiwa kwenye kioo. — Faili la malango niliandika mistari sitini na minne. Sasa lina sitini na miwili.

— Si nimesema! Zimekula miwili!

— Siyo jua, bwana, alidakia Kengele. — Ni marehemu Panos. Mmemnyang'anya ufunguo hata arobaini yake haijafika, mnadhani ataacha hivi hivi? Anafunga malango, huyo. Mimi mwenyewe juzi nimesikia mnyororo pale kwenye tangi la maji.

— Mnyororo ni wa mbwa wa Thodora! alisema Mwalimu.

— Mbwa wa Thodora hana mnyororo.

— Anao! alipaza sauti Thodora toka ndani.

Chumvi aliinuka, akaketi tena. Alihesabu kichwani: jua hili, siku mbili zaidi, na miche itakuwa kuni. Mwenyewe ana miaka sitini na saba, hatapanda mingine. Na hawa wanabishania mnyororo wa mbwa!

— Fotini, mwanangu, nieleze taratibu. Hiyo skripti yako inafanya nini?

— Inasoma mstari mmoja mmoja. Inachukua jina, inaweka namba ya lango mbele yake. Ikimaliza, inaandika faili jipya juu ya lile la zamani. Zamu ya mtu ikifika, inatafuta jina, inafungua lango lake. Basi.

— Na daftari la Panos si lilikuwa na kila kitu?

Fotini alimtazama kwa namna ambayo Chumvi hakuipenda.

— Lilikuwa na majina ya utani, mzee. Nikaambiwa kwenye mkutano niyafute yote, niandike majina ya vitambulisho tu.

Chumvi akageukia kahawa yake. Mkutano ule aliukumbuka vizuri. Baba yake aliuza chumvi vijiji vyote vya bonde, akiibeba kwa punda, na yeye, mwenye ekari zake na trekta lake, ndiye aliyepiga meza siku ile akasema yeye si kiungo cha mchuzi, aandikwe kwa heshima kama mtu. Alishangiliwa.

Hapo ndipo alipofika Agim, mchunga mbuzi aliyehamia kijijini majira ya kuchipua. Aliagiza kahawa, akasimama pembeni kwa adabu mpaka Kengele alipovuta pumzi.

— Samahani, wazee. Naomba kuuliza. Lile shamba la yule aliyehamia Melbourne, lenye miba mitupu. Nani anamwagilia miba?

Benchi zima lilimgeukia.

— Mbuzi wangu wanakunywa pale tangu Jumatatu. Jumanne yakaja mengine. Jana mmoja kaogelea.

Yule wa Melbourne ni binamu yao, Stamatis wa tatu. Ana miaka thelathini hajarudi. Kijijini wanamwita Mrefu, lakini babu alikuwa mmoja na kila mwanawe alimpa kifungua mimba wake jina la huyo babu, kwa hiyo kwenye kitambulisho Mrefu naye, kama Chumvi na Kengele, ni Stamatis Kouvelis. Fotini alisoma kwa sauti ndogo mstari mmoja tu uliobaki: Stamatis Kouvelis, lango la arobaini na saba, la shamba lile la miba. Wa pili alikuwa ameandikwa juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili.

Mwalimu alifungua gazeti lake upande wa juu chini.

— Tangini yamebaki maji ya saa mbili, alisema Fotini. — Naweza kukufungulia sasa hivi. Ila nikuandikeje, mzee, yasiende tena kwa Mrefu?

Chumvi alikuwa ameshashika koleo lake la shambani. Uso ulimwiva.

— Niandike Chumvi.

— Kweli?

— Chumvi, mwanangu! Kwa herufi kubwa! Andika upesi!

Na akaondoka akikimbia.