Sauti ya Esnath Ndani ya Mashine

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena dawati la nyuma. Vitus, kaa hapa kulia. Yusta, njoo na mumeo Gwakisa. Naye ni mwanangu.

Shamba la mpunga mtagawana nusu kwa nusu, na nyumba hii ya Ubaruku iwe ya wote. Hayo hayanisumbui. Kinachonisumbua ni ile mashine ya gemu ya kufukuza ndege mliyoitengeneza hapa sebuleni, Vitus ukiranda mbao, Yusta ukichora ndege wa kwelea na majaruba ya mpunga, Gwakisa ukiandika programu huku ukidondosha punje za mahindi kwenye kompyuta, na mama yenu Esnath akiwacheka kwamba mnajenga kabati lisiloingia sahani. Mlipokosa sauti ya mtu anayefukuza ndege, ni yeye aliyekumbuka utoto wake shambani, akapaza sauti mkamrekodi kwa simu: “We! Umelala? Ndege wanamaliza mpunga!” Watoto wa mtaa mzima wakapanga foleni mlangoni ili wagombezwe naye.

Kisha akafariki. Siku ya msiba umeme ulikatika, na hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya wa mashine. Jeneza liko hapa, mchungaji yuko katikati ya sala, umeme ukarudi, mashine ikaamka: “We! Umelala?” Watu walikimbia hadi barabarani. Mimi nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Vitus ukasema sauti ile ifutwe, ni aibu kwa marehemu. Gwakisa ukajibu, “Shemeji, ukifuta hiyo, gemu haipo.” Mkaambiana mengine ambayo sitayarudia. Vitus ukaenda na kabati Kilolo, Gwakisa ukaenda na kompyuta yake Mbeya, na Yusta ukabaki unalia katikati. Nimefundisha watoto wa watu kuchangia kalamu moja, lakini ninyi watatu sikuweza kuwarudisha kwenye benchi moja. Naondoka na jambo hilo moyoni. Na tangu siku ile sijamsikia Esnath. Picha zake ninazo, ila picha haimgombezi mtu.

Yusta ameniambia mmekuja na vyote viwili, kila kimoja kwenye gari lake. Viunganisheni sasa, hapa mbele yangu. Msifute kitu. Mkitengeneza gemu nyingine, tengenezeni pamoja.

Mungu awalinde... awape watoto wasumbufu kama ninyi. Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Washeni. Nikisinzia, msiniamshe ninyi. Mwacheni yeye aniamshe.