Mtu Aliyevishwa Nishani Kuliko Wote Mkoani

Na Gloria Nkuba, Kitengo cha Itifaki

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Saulo Kalinga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu hapa Iringa. Katika muda huo amevishwa nishani ya juu kabisa ya taifa mara nyingi kuliko mtu yeyote tunayemfahamu, na nyumbani kwake hana hata moja.

Maelezo ni mafupi. Nishani hiyo hupewa watu wachache, na kila sherehe hutanguliwa na mazoezi. Mtunukiwa mara nyingi ni mzee, na si vizuri kumsimamisha juani asubuhi nzima ili mpiga tarumbeta ajifunze kutokosea. Husimama mtu badala yake. Mwaka wake wa kwanza kazini, Mzee Saulo alikuwa anapita uwanjani na viti kichwani. Aliambiwa avitue, asimame pale. Hajaambiwa vinginevyo mpaka leo.

Amesimama kwa niaba ya mkulima wa mpunga wa Rujewa, brigedia mstaafu, maprofesa wawili na mjane mmoja. Kama mjane alisimama vizuri sana. Wenzetu wa Mbeya waliwahi kumwazima, mvua ikashuka, wakubwa wote wakakimbilia kwenye turubai. Yeye alibaki uwanjani, kwa sababu hakuna aliyemtangazia kwamba ameshatunukiwa.

Nishani yenyewe haitolewi kwa ajili ya mazoezi. Kinachotumika ni kifuniko cha kopo la kiwi ya viatu kilichogundishwa pini. Mkewe, Mama Veneranda, amechoka kushona tundu lilelile kwenye koti la suti, upande wa kushoto.

Je, hakuwahi kutamani ya kweli? Alitamani sana. Tunalisema sisi kwa sababu yeye hatalisema. Kila sherehe ilipoisha, aliwaomba watunukiwa waigeuze aone nyuma yake kuna nini. Lakini vigezo vinataka mtu awe ametenda jambo kubwa kwa taifa. Tulipouliza kama kusimama kunahesabika, tulijibiwa kwamba wote tunasimama.

Mwaka juzi ilikuwa zamu ya Bibi Apolonia, mkunga wa Ilula, ambaye nusu ya watu wa kule wamepita mikononi mwake. Kwa shauku yake alifika siku ya mazoezi, akaketi, akasikia jina lake likitajwa, akamwona Mzee Saulo akivishwa. Akapiga vigelegele. Kisha akamkabidhi tenga la nyanya la pongezi na kwenda kulala kwa binti yake, roho kwatu.

Kesho yake jina lilipotajwa, hakuinuka. Mgeni rasmi alisubiri na nishani mkononi, bendi ikarudia wimbo. Bibi aliangaza huku na huku.

“Si alishapewa jana yule kijana?” aliuliza kwa sauti. “Mimi nimekuja kumpongeza tu.”

Kijana alikuwa na miaka hamsini na minane, na wakati huo alikuwa nyuma akigawa maji. Aliweka trei chini, akamshika bibi mkono, akapanda naye jukwaani, akasimama pembeni mpaka bibi akavishwa.

Walipokuwa wanashuka, bibi aligusa koti lake, palepale penye tundu.

“Na ile yako, mwanangu, wamekunyang'anya?”

Mzee Saulo alimweleza kwamba yake yalikuwa mazoezi tu. Bibi alifikiri kidogo.

“Basi waambie wamalize.”

Tulicheka wote, isipokuwa wao wawili. Yeye alirudi kwenye trei yake, na sisi tumekuwa tukilifikiria neno hilo tangu siku ile.

Mamlaka ya kutoa nishani ya taifa hatuna. Kifuniko tunacho. Leo baada ya chakula, Bibi Apolonia, aliyekuja kutoka Ilula akiwa amevaa nishani yake, atamvisha Mzee Saulo kifuniko kilekile, na safari hii hakirudi stoo. Mazoezi hayakufanyika. Bibi amekataa.

Asante, Mzee Saulo, kwa miguu yako. Tutakukumbuka kila tarumbeta itakapolia. Mungu akujalie afya, mahindi yanayokubali, na viti vingi vya kukalia wewe na Mama Veneranda. Na jina likitajwa leo, usigeuke nyuma kumtafuta mwenyewe. Mwenyewe ni wewe.