Fundi Aliyefuta Alama Yake

Wazee wetu, mchungaji, majirani wa Junda, mafundi wa Bombolulu na wageni wetu kutoka Changamwe, poleni na asanteni kwa kuja. Mimi ni Jerioth, dada mdogo wa marehemu, mfua nguo katika hoteli moja ya Bamburi. Nimepewa kazi hii ya kusoma wasifu kwa sababu wifi yangu Lynnette, mke wa marehemu, sauti imemkauka, na mama yetu hasomi bila miwani, na miwani yenyewe aliikalia juzi.

Najua mmeliona jalada la kijitabu. Picha ipo, tarehe mbili zipo, lakini pale pa jina pameachwa wazi. Mpiga chapa alitupigia simu mara mbili akidhani amepoteza mstari. Hakupoteza kitu. Marehemu aliacha karatasi ndani ya Biblia yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, nami nitaisoma kama ilivyo: "Nikifa msiandike jina langu popote, si kitabuni, si kwenye sanduku, si msalabani. Humu ndani hakuishi mtu mwingine, alikuwa Mungu peke yake." Najua wengine mmeshtuka. Mimi nimeshtuka tangu Alhamisi ya wiki iliyopita na mshtuko haujanitoka, kwa hiyo mkiona nanyamaza katikati ya maneno, nisubirini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1968 huko Werugha, Taita, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu Mzee Kilalo na mama yetu Mkawasi, aliyeketi hapa mbele. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa kali, na ilipomwachia, mguu wa kushoto ulikuwa umepooza. Ilikuwa polio. Tangu siku hizo hakupenda mtu auone mguu ule. Sisi ndugu zake tulikua naye nyumba moja na hatukuuona.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1976. Mwaka mzima mama alimbeba mgongoni, kwenda na kurudi, mpaka alipopata vyuma vya mguu na magongo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982 na kufaulu vizuri, lakini sekondari ilikuwa ng'ambo ya bonde na mguu haukumruhusu. Sasa nikisema alipenda jina lake mtadhani nafanya mzaha. Aliliandika kila mahali: kwenye mpini wa jembe, kwenye kigoda cha mama, kwenye mkoba wangu wa shule, nikachapwa na mwalimu kwa kuiba mkoba wa mtu. Ndiyo maana karatasi ile ya kwenye Biblia niliisoma mara tatu, nikitafuta kama kweli ni yeye aliyeandika.

Mwaka 1987 alishuka Mombasa akaajiriwa katika karakana ya mafundi walemavu kule Bombolulu, upande wa shaba. Pale makufuli mabovu, mifereji ya kufungulia maji na vitasa vya milango huyeyushwa katika chungu kimoja, na hutoka bangili, kengele na vinara. Kila fundi alikuwa na muhuri wake wa chuma wa kugonga mgongoni mwa kazi yake. Marehemu alijichongea muhuri wenye alama ya gongo dogo. Alisema watu wamwone kiwete na wamtafute kwa ukiwete huohuo. Na kweli walimtafuta. Wageni walikuwa wakigeuza bangili dukani kutafuta gongo, naye aliporudi nyumbani siku hizo hakuna aliyepata nafasi ya kuongea.

Alifunga ndoa na Lynnette Mghoi tarehe 16 Desemba 1995 katika kanisa letu hapa Kisauni, na Mungu akawajalia watoto wawili, Wakesho na Ronny. Hakuliacha kanisa hili mpaka mwisho. Mchungaji aliniuliza Jumatatu kama marehemu alikuwa mtu wetu kweli, baada ya kusikia habari za Changamwe. Mchungaji, ule msalaba wa shaba ulio mezani pako umekuwa ukisuguliwa na yeye kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitano. Sina jibu jingine.

Habari za Changamwe zilianza mwaka 1999. Mjane mmoja wa Kihindi, Bi Kusumben, alileta karakana taa ya shaba ya ibada iliyovunjika mkono. Marehemu aliitengeneza ikawa mpya, na kwa furaha yake akaigonga muhuri wa gongo lake chini, bila kuulizwa. Kesho yake bibi alirudi.

"Fundi," akamwambia, "hii taa imekaa mbele ya Mungu miaka hamsini. Baba mkwe wangu hakuandika jina. Mume wangu hakuandika. Wewe umekaa nayo siku moja, umeandika."

Kaka yangu akachukua tupa aifute alama. Bibi akamzuia. "Wacha kwanza. Njoo kwangu Changamwe Alhamisi, tunapomwimbia Mungu, uone inapokaa, halafu utaamua mwenyewe."

Akaenda. Akaenda Alhamisi iliyofuata, na nyingine, mpaka zikawa miaka. Lynnette amenipa ruhusa niseme kwamba alimwonea wivu huyo bibi, akamfuata mume wake siku moja mpaka Changamwe, akakuta ajuza wa miaka sabini anasinzia kitini huku mume wake amekaa sakafuni na magongo pembeni, anaimba wimbo wa kumsifu Mungu kwa lugha asiyoijua. Alirudi nyumbani akapika chakula cha jioni.

Alichofundishwa kule alinieleza mimi mara moja tu, kwa maneno ya kazi yake. Alisema: "Jerioth, chunguni mwangu naweka kufuli na mfereji. Vikiyeyuka, nionyeshe kufuli liko wapi. Ilikuwa shaba tangu mwanzo. Kufuli ni umbo tu tulilolipa jina. Sasa huyu anayesema mimi, mimi, mimi, miaka yote hii, nimemtafuta ndani nimemkosa. Nimemkuta Mungu."

Nikamuuliza, "Kama wewe hupo, anayeimba Alhamisi ni nani?"

Akacheka sana. Akasema, "Nikijua hilo nitaacha kuimba, na sitaki kuacha." Sikumwelewa, na sitajifanya leo kwamba nimemwelewa. Ila niliona kwamba mtu aliyekuwa akijisifu mpaka tunachoka alianza kutusikiliza sisi. Kwa hilo nilimshukuru yule bibi, ingawa sikwenda kumwambia, na alifariki mwaka 2017.

Hapa kuna jambo ambalo Lynnette aliniambia niliache, nami sitaliacha. Mwaka 2011 mgeni wa hotelini kwetu alitaka bangili zenye gongo. Nikaenda dukani kwenye karakana, nikageuza bangili zote, sikuona gongo hata moja. Lakini mkono wa kaka yangu naujua. Bangili zilikuwa zake, na mgongoni palikuwa pamesuguliwa kwa tupa. Kwenye meza ya jirani yake alikaa Rama, fundi wa Likoni, na tupa mkononi. Kaka alikuwa amekwenda Werugha kumwona mama. Sikungoja arudi. Niliingia ofisini kwa msimamizi nikasema Rama anafuta alama ya ndugu yangu ili kazi zionekane zake. Rama akasimamishwa kazi. Siku tisa alikaa kwake Likoni akiitwa mwizi, mkewe akiwa karibu kujifungua.

Kaka aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi akasema, "Aliyefuta ni mimi. Nafuta huu mwaka wa pili." Rama akarudishwa siku hiyohiyo. Kisha kaka akaja kwangu Bamburi, akapanda ngazi zote za ghorofa tatu kwa magongo. Nilimfungulia mlango nikijua nitatukanwa. Aliomba maji, akanywa, akasema, "Umemtafutia mwizi kitu kisichokuwa na mwenyewe. Nenda kamwombe radhi." Sikwenda. Niliona aibu, aibu ikazeeka, nikawa nampita Rama stendi nikimsalimia haraka haraka kwa miaka kumi na minne.

Rama, uko pale mbele kwenye kiti chako. Nilikukosea, na nilikukosea hadharani, kwa hiyo nakuomba radhi hadharani. Kaka yangu alinituma na nimechelewa mno.

Kuhusu ugonjwa wake. Marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2020 na alimeza dawa zake vizuri. Shida ilikuwa namna yake ya kusema. Miaka hii ya mwisho alijitaja kama anayemtaja jirani. Jumanne tarehe 11 Machi tulikuwa kwake tunakula, akasema, "Leo kuna maumivu hapa kifuani," kwa sauti ileile ya kusema leo kuna mawingu. Nikamtania mbele ya watoto: "Maumivu ya nani, fundi? Mwenyewe si hayupo?" Watu wote wakacheka, na yeye akacheka, tukaendelea kula. Ilinipasa nimpeleke hospitali usiku ule. Daktari ameniambia huenda isingesaidia. Simwamini daktari, na sijiamini mwenyewe.

Alifariki Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa kazini mezani pake, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Rama ndiye aliyekuwa karibu. Anasema aliona tupa imeanguka, akamwambia, "Fundi, tupa yako," na hakujibiwa.

Jumapili tulipokwenda chumba cha maiti tulikuta watu kumi na mmoja kutoka Changamwe wamefika kabla yetu, wanawake wazee wengi wao, wamevaa nyeupe. Wakaomba ruhusa ya kumuaga. Mmoja baada ya mwingine wakainama wakagusa miguu yake kwa vidole, kisha wakagusa vipaji vya nyuso zao. Wakagusa na ule wa kushoto. Mguu ambao mimi dada yake sikuwahi kuuona, wao waliushika kwa heshima. Nilisimama pale kama nimepigwa.

Mama akauliza, "Hawa ni nani wanaomshika mwanangu mguu?"

Mama Hansa, mkaza mwana wa Bi Kusumben, akamjibu, "Shikamoo mama. Sisi tulikaa naye kila Alhamisi. Tangu mama mkwe atutoke, yeye ndiye alituwashia taa." Mama akanigeukia mimi. Mpaka siku ile hakuwa na habari ya Changamwe wala ya karatasi, na sisi ndio tuliomficha.

Marehemu amemwacha mama yake Mkawasi, mke wake Lynnette, watoto wake Wakesho na Ronny, mimi dada yake Jerioth, ndugu pekee aliyebaki, mafundi wenzake wa Bombolulu, na watu wa Alhamisi.

Hapo ndipo kijitabu mlichoshika kinapoishia. Karatasi hii niliyonayo nimeiandika leo asubuhi.

Mafundi wa karakana wana desturi: mwenzao akifa, wanamtengenezea kibao cha shaba cha kupigilia msalabani, chenye jina. Leo saa moja asubuhi Rama alikifikisha hapa Junda kikiwa kitupu, kimesuguliwa kinang'aa. Akamwambia Lynnette, "Shemeji, mimi nimekuja na patasi zangu. Mkisema niandike nitaandika, mkisema nisiandike sitaandika. Wallahi hili si langu kuamua." Lynnette akamwonyesha ile karatasi. Rama akaanza kukifunga kibao kwenye kitambaa.

Mama akasema, "Kilete hapa."

Akakipakata magotini. Lynnette akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwa upole, "Mama, mwenyewe aliandika. Hakutaka jina."

"Alama ya kwenye bangili ilikuwa yake," mama akasema. "Aliichonga mwenyewe, akaifuta mwenyewe. Hilo ni lake na Mungu wake. Jina hakujipa. Nilimpa mimi."

Mama akaendelea.

"Wakati wa ile homa alilala siku tatu hafungui macho. Watu wakaanza kunitazama kwa huruma. Nilikaa naye nikamwita kwa jina hilo, siku tatu mchana kutwa, mpaka akaitika. Aliitika 'naam mama', kasauti kadogo. Sasa mnaniambia humu ndani hakuwa na mtu. Mimi sikusoma sana, siwezi kubishana naye. Lakini aliyeitika siku ile namjua. Leo nitamwita tena, mara moja tu. Akiwa yupo, ataitika. Asipoitika, nitajua alisema kweli, na nitamwachia Mungu."

Rama alikuwa analia waziwazi. Kibao kitabaki kitupu, kama alivyotaka mwenyewe. Mama amekubali hilo, na Lynnette amekubali mama amwite. Mimi nimeombwa nisome tu, na nimeshindwa kusoma tu.

Kwa hiyo naomba tusimame kwa wanaoweza, na tunyamaze. Mama anakwenda kando ya kaburi kumwita. Jina alilompa ni Mwangeka. Tumsikilizie pamoja naye. Asipoitika, basi tumwache apumzike, na amani iwe juu yake.