Sampuli Namba Saba Niliila Mimi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mradi, Baba Paroko, viongozi wa kata yetu ya Katandala, ndugu wageni waalikwa, na wewe mzee wetu Alois unayestaafu leo, shikamoo. Naitwa Rosina, mtunza stoo. Nimepewa dakika tano za kumsifu mzee. Za sifa nitatumia mbili, zilizobaki nakiri kosa.

Miaka ishirini na tano mzee huyu ametafuta mafuta chini ya Ziwa Tanganyika. Hayajapatikana. Lakini ni nani kati yetu asiyejua, kwa sababu yake, kwamba chini ya maji yale kuna matope yaliyolaliana tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka, na kwamba mafuta yakishaiva huko hupanda, yakajificha kwenye mchanga, na yatakaa hapo iwapo tu juu yake pana udongo laini wa kuyafunika kama mfuniko wa sufuria? Hayo alinifundisha siku niliyokwenda kumwomba ruhusa ya kwenda kliniki. Kliniki nilikuta wamefunga.

Sasa, miaka ishirini iliyopita mashine ya kuchimba ilitoa sampuli kumi na mbili za udongo chini ya ziwa, zikaletwa stoo kwangu. Nilikuwa na mimba ya Zita, miezi mitano. Akina mama mnanielewa. Udongo wa sokoni nilitafuna, hamu haikukatika. Na sampuli namba saba, jamani, ilinukia kama shamba lililonyeshewa mvua ya kwanza. Jumatatu nilimega kidogo pembeni. Ijumaa kisanduku kilikuwa kitupu.

Mzee Alois alipokuja kuichukua nikaangua kilio, nikamwambia nimeila. Ningefanya nini? Yeye akaketi juu ya kreti, akatoa daftari.

"Rosina, ilikuwa laini au inakwaruza meno?"

"Juu laini kama uji wa ulezi, mzee. Chini inakwaruza, na inaacha harufu ya koroboi."

"Huo ulaini ulikuwa na unene gani?"

"Toka Jumatatu mpaka Jumatano."

Akaandika. Msicheke, wataalamu hupima udongo kwa meno hivyo hivyo, nimemwona mwenyewe mara nyingi. Ila yeye hutema.

Kwenye ripoti alisema sampuli imepotea mikononi mwake. Alipewa barua ya onyo, akanyimwa cheo, na hakunitaja kwa mtu yeyote. Mheshimiwa, umetuambia sasa hivi kwamba mzee anaondoka na doa moja tu katika faili lake. Doa hilo ni mimi. Naomba uichane barua ile leo, mbele ya watu hawa, uniandikie mimi ya kwangu. Zita yule pale anasoma uhasibu, ada yake inatoka kwenye mshahara huu, na bado nasema uniandikie.

Mzee wangu, nimekuonea aibu miaka ishirini. Pokea kitambaa hiki. Ndani yake kuna kipande cha chini kabisa cha namba saba, kwa maana Ijumaa ile nilishiba, nikakificha kwa aibu. Kitafune hapa hapa, utuambie kama kinakwaruza, ripoti yako iishe. Na leo usiteme.

Asanteni nyote kwa kunivumilia, na Mheshimiwa, barua yangu naomba ije baada ya pilau.