Mzee Mkia Anaiacha Maabara

Mwanangu amenipokonya kalamu sasa hivi, akachora mstari mrefu kwenye meza ya mapokezi, kisha akanirudishia kama fundi aliyemaliza kazi. Basi naanza upya. Ijumaa hii mkuu wetu wa maabara anastaafu baada ya miaka thelathini na moja. Wenzangu wa usafi wamesema niandike mimi, eti ndimi niliyemjua kwa machozi.

Alianza kwa kuosha chupa, akaenda kusomea kazi, akarudi na koti jeupe. Jina la Mzee Mkia alijipatia kwa mdomo wake. Kila namba ya damu, husema, ina mkia, yaani kile kipimo kinachoandikwa pembeni yake. Jibu likija bila mkia hulirudisha, hata kwa daktari: "Hii thelathini ni ya nini, ya kiatu?" Daktari hucheka, akaandika upya.

Mimi nilikuwa sijui mkia wala kichwa. Mwanangu alikuwa na matege, akawa anapewa matone ya vitamini D. Hospitali ya kwanza walimpima wakaandika themanini. Miezi ikapita, akapimwa hapa kwetu, ikatoka thelathini na mbili. Jamani! Niliona miguu yake inapinda tena mbele ya macho yangu. Nikatoa chupa mkobani nimwongezee matone mara mbili, hapohapo kwenye benchi.

"Weka chini, binti," Mzee akaniambia kutoka dirishani. "Yakizidi nayo yanadhuru. Lete karatasi zote mbili."

Akapima meza kwa shibiri zake: nne. Akatandaza kiganja cha mwanangu, wakapima pamoja: kumi. "Haya, meza imekua?" Nikasema hapana. Basi, akasema, kule wamepima kwa nanomoli kwa lita, hapa kwa nanogramu kwa mililita. Vitamini D ya hapa ukiizidisha kwa mbili na nusu, unapata ya kule. Thelathini na mbili ikawa themanini ileile! Daktari akathibitisha, matone yabaki yalivyo. Nililia kwa raha mpaka mwanangu akanifuta pua kwa karatasi ya majibu.

Mzee alionya pia kwamba hiyo mbili na nusu ni ya D peke yake. B12 ina hesabu yake, na nyingine zina zao. Kisha akahangaika mpaka majibu yetu ya D yakaanza kutoka na vipimo vyote viwili. Mama mwingine hatatetemeka kama mimi.

Baba yetu, asante. Tunakuombea siku za raha na afya tele, ulale mpaka usingizi wenyewe ukuchoke. Ukipita kutusalimia, mwanangu atakuja kukupokea mbio kwa miguu yake iliyonyooka. Mimi nitakuwa nyuma nikipiga kelele aende polepole, lakini moyoni nataka akimbie tu, akimbie mpaka, ngoja, dada wa mapokezi ananiita, mtoto ameshafika getini na...